Nyumba Bora na Gharama ya Tanuri

Wananchi wengi huamini kwamba nyumba ya matofali ya kuchoma ndiyo nyumba bora. Imani hiyo ina sababu, kwani tofali lililoiva haliyeyuki kwa mvua. Lakini mkoani Katavi, nchi ya miombo, hapana budi kuuliza ni nani alipaye gharama ya tanuri. Tofali huiva kwa joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Sentigredi, na katika tanuri la kienyeji sehemu kubwa ya joto hilo hupotea hewani. Kuni za porini huonekana kuwa za bure. Kumbe deni lake hulipwa na msitu uliochukua miongo ya miaka kukua.

Njia nyingine ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, yaani udongo wenye mchanga, uliochanganywa na saruji kiasi cha asilimia 5 hadi 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali hilo haliingii tanuri. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku zisizopungua saba ili saruji ishike. Ni kweli kwamba saruji nayo hutengenezwa kwa moto mkali, tena hununuliwa. Ndiyo maana yafaa itumike kidogo, na mashine imilikiwe kwa ushirika.

Umbo la nyumba nalo lina maana. Ilembo, katika Manispaa ya Mpanda, iko takriban nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo upenu wa sentimita 60 hutia kivuli mita moja ya ukuta. Jua la asubuhi na la alasiri, kwa kuwa liko chini, halizuiliki kwa upenu. Basi kuta ndefu na madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Chini ya bati iwekwe dari, na matundu ya kutolea hewa ya moto yaachwe juu.

Shule za sekondari zaweza kuanza. Wanafunzi watie udongo wa kwao katika chupa ya maji, waitikise, kisha waiache itulie: mchanga utatangulia kutua, ufinyanzi utafuata. Hivyo watajua kama udongo huo wafaa. Elimu ya namna hiyo haigharimu mti hata mmoja.