Mastaa wa Mjini, Baridi ya Busi na Injini Zinazouawa Alfajiri

Kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina linahifadhiwa maana wakwe zake hawana kosa, ambaye Julai alipanda vilima vya Kondoa kwenda ukweni Busi na ndinga nyeusi inayong'aa kuliko meno yake. Picha zilipigwa za kutosha. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa kipupwe ukikata masikio, jamaa akakaa kwenye usukani, akawasha, na kabla injini haijajua kama imeamka akakanyaga mafuta mpaka chini. Vruuum! Mara tatu. Kuku wakatawanyika, watoto wakapiga makofi. Wazee waliojikunyata ukutani na mablanketi yao wakatazama tu, kisha mmoja akauliza kwa Kirangi kama lile gari lina ugomvi na mtu.

Swali la mzee lilikuwa zito kuliko kelele zote za asubuhi ile.

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba baridi ya Tanzania haigusi gari? Ndo yale yale ya kusema Dodoma ni jangwa, joto tu mwaka mzima, halafu mtu anashuka stendi mwezi wa saba na kifulana chake anaanza kutetemeka. Dodoma mjini uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku hushuka mpaka nyuzi 13 au 14 kwa kawaida. Ukipanda, kila mita 100 hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Sasa pandisha mpaka vilima vya Irangi, ongeza upepo, halafu weka gari nje usiku kucha kwenye uwanja wa wakwe. Hapo hatuongelei tena hali ya Kinondoni.

Sawa, Busi si Yakutsk. Kule Urusi nyuzi hushuka chini ya 40 hasi, watu huvisha magari yao mablanketi mazito kama wagonjwa, na wengine hawazimi injini kabisa wanaposimama kwa muda mfupi. Busi maji hayagandi ndani ya rejeta. Na hapo ndipo penye mtego, maana baridi kali inamtisha mtu mpaka anajiandaa, lakini hii baridi ya wastani inamwacha aendelee na ujinga wake kila siku. Injini haifi kwa siku moja. Inakufa kidogo kidogo asubuhi moja baada ya nyingine, halafu siku ikigoma anatafutwa mchawi.

Gari likilala, oili yote inateremka na kutulia chini kwenye sampu. Asubuhi ukiwasha, zile sehemu za juu ziko karibu kavu mpaka pampu iipandishe tena, na oili ya baridi ni nzito, inatembea kama asali. Halafu kompyuta ya gari ikiona injini ni ya baridi inaongeza petroli ili moto ushike. Petroli ya ziada isiyoungua inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo yule anayepiga resi sekunde ya tatu baada ya kuwasha anasaga chuma kwa chuma, tena kwa mbwembwe, tena akijirekodi. Wenye tabo ndo kabisa, kile kidude kinazunguka kwa kasi ya ajabu na kinategemea oili hiyo hiyo ambayo bado iko njiani.

Dawa yake haina hata gharama. Washa, acha kama nusu dakika hivi au dakika moja, funga mkanda, salimia watu, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka mshale wa joto uinuke. Kuliacha gari linguruma dakika ishirini kwenye silensa nako si sifa, linapata moto polepole na linakula mafuta bure. Kutembea taratibu ndiko kunalipasha. Wenye dizeli wasubiri ile taa ya kijispringi kwenye dashibodi izime kwanza, maana imewekwa kwa kazi na si pambo. Na nyie bodaboda, choki ni ya kuwashia tu. Ukishaanza mwendo irudishe, usifike nayo Kondoa mjini.

Halafu kuna hili la thamostati, na hapa mafundi wetu wanastahili kusemwa bila kuoneana haya.

Nchi hii kuna mazoea ya ajabu. Gari likichemsha mara moja tu, fundi wa kwanza anayeitwa anang'oa thamostati, anaitupa kwenye kopo la misumari na kumwambia mteja, "Bosi, hii ni ya Ulaya, huku kwetu joto haihitajiki." Mteja anafurahi, anatoa na hela ya soda. Sasa hicho kidude kina kazi moja tu. Injini ikiwa ya baridi kinaziba njia ili maji yasiende kwenye rejeta, injini ipate moto haraka. Ikifika nyuzi 82 hivi, au karibu 88 kwa magari mengine, kinafungua. Ni mlango. Mtu na akili zake anang'oa mlango wa nyumba kwa sababu ndani kuna joto, halafu kipupwe kikija analala nje na majirani wanamshangaa.

Kuna dereva mmoja wa Noah anayebeba abiria wa huko vilimani, mtu mpole, gari lenyewe kalichukua kwa mkopo na marejesho ni kila wiki. Thamostati yake iling'olewa. Kwenye joto la mchana hakuona tatizo. Kipupwe kilipoingia, mshale wa joto ukawa haunyanyuki asubuhi nzima, hasa akiteremka mlima. Kompyuta ikawa inaamini muda wote kwamba injini ni ya baridi, ikazidi kumwaga petroli. Ulaji wa mafuta ukapanda, oili ikaanza kunuka petroli kwenye dipstiki, hita ikawa inapuliza baridi na abiria wakimtukana kimoyomoyo. Yeye akadhani konda anamwibia. Kijana wa watu akafukuzwa kazi! Miezi ikapita mpaka fundi mwingine alipofungua na kukuta nyumba ya thamostati tupu kama tundu la jino. Konda alishahamia Babati kutafuta maisha, na kumrudisha mtu uliyemwita mwizi mbele ya abiria si kazi ndogo.

Na kibaya zaidi, kung'oa thamostati hakutibu kuchemsha. Gari linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, au feni haifanyi kazi, au wotapampu imechoka, au mfuniko wa rejeta haushiki presha, au gasketi ya silinda hedi imepasuka. Ukitoa thamostati unanyamazisha kengele na mwizi bado yumo ndani.

Kwenye maji ndo usiseme. Gari linatoka Japani na kulanti yake nyekundu au kijani, safi kabisa. Miezi sita baadaye ukifungua unakuta maji ya kisima, rangi ya chai. Ukisema kulanti utaambiwa hiyo ni ya nchi za barafu. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na Busi hakuna anayehitaji hizo. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili. Inazuia kutu, na inasogeza mbele kiwango cha kuchemka. Watu wa milimani hili ndilo lao hasa, kwa sababu ukipanda juu maji huchemka mapema. Kwenye mita 1,500 sufuria ya chai inachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta unasaidia kwa kubana presha, ila mafuniko mangapi mitaani yameshakwisha mpira na yamefungwa na kipande cha nailoni?

Wabongo walioko Minnesota au Edmonton wakisoma haya watacheka. Kule Edmonton gari linachomoza waya wenye plagi mbele ya bonati, na usiku linachomekwa kwenye umeme kama simu ili injini isilale kwenye barafu. Oili wananunua yenye 0W au 5W, na hiyo herufi W ndiyo baridi yenyewe, inaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa haijapata moto. Huku kwetu mtu ana gari dogo ambalo kitabu chake kinataka 5W-30, anamiminiwa 20W-50 kwa sababu "nzito ndo inakaa". Inakaa kweli. Inakaa chini kwenye sampu wakati juu kunasagika. Kwa injini kuukuu iliyochoka sawa, fundi anaweza kuwa na sababu zake, lakini kwa gari zima kitabu kifuatwe.

Sasa betri. Betri ya kawaida ikifika nyuzi sifuri inakuwa imepoteza kama theluthi ya nguvu yake ya kuwashia. Busi haifiki huko, inapoteza kiasi kidogo. Kwa betri mpya hutasikia kitu. Kwa betri ya miaka mitano iliyonunuliwa ya mkononi, hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimebaki.

Ndicho kilichotokea kwenye harusi moja ya kipupwe, kwenye ukoo ambao mtu wao anajulikana sana kwa kuimba. Gari kubwa lilisimamishwa uwanjani, milango wazi, sabufa mbili zikipiga mpaka saa saba usiku injini ikiwa imezimwa. Raha sana. Saa kumi alfajiri mama mjamzito wa nyumba ya pili akashikwa na uchungu. Gari pekee lenye mafuta kijijini usiku ule ni lile lile. Ufunguo ukazungushwa, ikasikika tik, tik, tik, basi. Vijana kumi wakajitokeza kusukuma, mpaka mwenye gari alipokumbuka ni la otomatiki, hata ulisukume mpaka Kolo haliwaki. Waya za kubusti hakuna. Mama akafungwa mashuka mawili na blanketi, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na wifi yake, kwenye baridi ile, kuteremka kwenda zahanati. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Ila muulize wifi mtu alikuwa anawaza nini kila lilipokuja shimo.

Tangu siku ile familia imegawanyika, wengine wanamlaumu msanii, wengine wanasema ni kudra. Kudra ipo, lakini sabufa aliiwasha mtu. Kijiji chenye gari moja la uhakika kinapaswa kujua nani analishika usiku, betri yake ina umri gani, na waya za kubusti ziko nyumba gani. Mwenye kutaka muziki wa usiku kucha akodi jenereta, na hilo jenereta alikalishe nje mbali na madirisha, asilifungie chumbani kwa ajili ya baridi, maana moshi wake unaua watu waliolala bila hata kuwakohoza.