Joka Lililokatwa Ulimi

Wapo wasemao kwamba filamu za kupigana ni upuuzi usiostahiki kujadiliwa na watu wa mashairi, na wapo vijana wasiotaka kusikia dosari hata moja ya Bruce Lee. Makundi yote mawili yanaidhulumu "Enter the Dragon", filamu ya 1973 ambayo Lee hakuishi kuiona ikitolewa, kwani alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 32.

Sifa yake kubwa haimo katika mateke. Mtu wa Shumba, kaskazini mwa Pemba, aliyekulia baina ya ngalawa na nyavu, ataitambua upesi kuliko mkazi wa mji mkubwa. Wapiganaji wamo chomboni wakielekea kisiwa cha Han. Mmoja wao, jeuri, anawatesa vijana wa chombo, kisha anamchokoza Lee. Lee anakubali kupigana, ila anashauri waende kisiwa cha jirani, kwenye nafasi. Jeuri anatangulia kuingia kihorini. Lee anailegeza kamba, kihori kinasukwasukwa nyuma kikiingia maji, na kamba wanakabidhiwa vijana walewale waliokuwa wakionewa. Hapakurushwa ngumi. Wachezaji wa kirumbizi, ambao huingia uwanjani na fimbo zao zumari ikilia, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo: kukinga nako ni kupigana.

Lakini waliotengeneza filamu hii hawakuiamini hekima yao wenyewe. Mwanzoni palikuwa na mazungumzo ya Lee na mzee wa hekalu la Shaolin, anayemwambia kwamba adui hujificha nyuma ya taswira, na aivunjaye taswira humvunja adui. Mazungumzo hayo yaliondolewa katika nakala ya Marekani ya 1973, yakarejeshwa 1998. Kwa miaka 25, basi, watazamaji wa nakala hiyo walimwona Lee katika chumba cha vioo akivunja kioo baada ya kioo ili ampate Han, bila ya kulisikia fundisho lililomwongoza. Kasoro hiyo si ndogo. Ni sawa na kuzifuta beti za mwanzo za utenzi, kisha kuwataka wasikilizaji wakilie kwa kituo chake.

Han naye kapewa ulimi wa kuazima: mwili ni wa Shih Kien, sauti ni ya Keye Luke. Ajuaye kazi ya tafsiri atausikia mwanya ule baina ya mdomo na neno. Williams, Mmarekani mweusi aliyeigizwa na Jim Kelly, mcheshi kuliko wote, anauawa kabla ya kilele, na Mzungu Roper anabakizwa hai. Na kisiwa! Kina walinzi, wafungwa na wageni, hakina mwenyeji. Haonekani mvuvi wala bibi anayeanika dagaa. Watu wa visiwani wana haki ya kuchukizwa na hilo kuliko na damu yote inayomwagika humo.

Atakayeileta filamu hii Shumba na ailete nakala kamili. Na mfasiri wake, badala ya kupiga makelele juu ya kila teke, aseme vizuri pale mzee anaposema, na anyamaze kabisa pale kamba inapolegezwa.