Fahali Wawili na Nyasi za Afraha

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hao hao, au pengine wajukuu wao, wakanena tena kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Methali hizi tumezikariri tangu shule za msingi, na mtahini akituuliza maana yake tunamjibu bila kusita. Lakini sikumbuki hata siku moja mwalimu akituuliza fahali hao walikuwa wakipigania nini. Mchungaji yeyote wa Njoro, Molo au Subukia atakwambia kwamba fahali hapigani kwa chuki tupu. Hupigania mitamba na malisho. Ikiwa hivyo ndivyo, basi nyasi si mpita njia aliyekanyagwa kwa bahati mbaya. Nyasi ni mali inayogombewa. Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo lisiloulizwa, kwa kutazama ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani anaimiliki ligi kuu ya kandanda nchini Kenya. Nyasi ninazozikusudia ni nyasi hasa, zile za uwanja wa Afraha mjini Nakuru.

Huenda msomaji akashangaa kandanda imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni fupi. Wakenya wengi wa vizazi vilivyotutangulia walikisikia Kiswahili kilichonyooka redioni siku ya mechi, kinywani mwa watangazaji kama vile marehemu Leonard Mambo Mbotela aliyetuaga mwaka 2025. Mtangazaji huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwauliza wasikilizaji katika kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Swali lake ninaliazima kwa sababu katika kisa hiki, ungwana ndio uliokosekana zaidi.

Nakuru si mgeni katika kandanda. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, bingwa wake wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru All Stars, na timu hiyo ikalitwaa taji tena mwaka 1969. Baadaye Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake Afraha, ilinyakua ubingwa mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, kisha ikaurudia mwaka 2010. Na uwanja huo haukuzoea miungano ya kandanda pekee. Mwezi Desemba 2012 ni mjini Nakuru ambako Uhuru Kenyatta wa TNA na William Ruto wa URP walijitokeza mbele ya umati na kutangaza kwamba wataelekea uchaguzini pamoja. Yaliyoupata urafiki huo miaka michache baadaye kila Mkenya anayajua, nami sitayarudia.

Turudi kwenye ligi. Mwaka 2003 vilabu vilivyochoshwa na uongozi wa shirikisho la wakati huo, KFF, vilisajili kampuni iliyoitwa Kenyan Premier League, au KPL, ambayo vilabu vyenyewe vilikuwa wanahisa wake. Lilikuwa wazo zito. Kwa mara ya kwanza aliyecheza ndiye aliyetaka kuwa mwenye meza. Shirikisho halikulipenda jambo hilo, serikali ikaingia kati, na FIFA, ambayo haitaki serikali yoyote iguse shirikisho mwanachama, ikaifungia Kenya mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Moshi ulipotulia, KPL ilipata nafasi ya kuendesha ligi, na kampuni ya televisheni ya SuperSport ya Afrika Kusini ikaja na kamera na fedha zake. Tazama orodha ya mabingwa wa miaka hiyo: SoNy Sugar 2006, Tusker 2007, Mathare United 2008, Sofapaka 2009, Ulinzi 2010. Mabingwa watano tofauti katika miaka mitano! Ligi yenye mizania ya namna hiyo ni nadra popote duniani. Sidai kwamba kampuni hiyo iliendeshwa na malaika. Nionavyo mimi, hata hivyo, vilabu kumiliki ligi ilikuwa fikra bora kuliko zote zilizojaribiwa hapa kwetu, na ilistahili kurekebishwa badala ya kuuawa.

Fahali wa pili hakulala. Mwanzoni mwa mwaka 2015 shirikisho jipya, FKF, lilisisitiza kwamba ligi kuu iwe na timu 18. KPL ikashikilia 16. Hakuna aliyeregeza kamba, na nchi moja ikajikuta na ligi mbili, kila moja ikijiita kuu. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili. Mjomba wangu, fundi wa magari ambaye hajawahi kukosa habari za mechi, aliniuliza swali ambalo hadi leo sijasikia mchambuzi akiliuliza kwa ufasaha zaidi: "Sasa mpwa wangu, ya Jumamosi ni ligi ya akina nani?" Hakuuliza ni timu gani zinacheza. Aliuliza ni ya akina nani. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na jambo la kusikitisha zaidi kwetu watu wa Nakuru, kwani ni msimu huo huo ambapo timu yenye jina lile la kale, Nakuru AllStars, ilikuwa imepanda daraja na kurejea miongoni mwa wakubwa. Mji uliosubiri kwa miaka mingi ulirudishiwa jina lake katika mwaka ambao hata daraja lenyewe lilikuwa na utata. Mwisho wa msimu timu ikashuka.

Pande mbili hatimaye zilipatana. Makubaliano yaliipa KPL haki ya kuendesha ligi hadi tarehe 24 Septemba 2020. Wengi walishangilia, na ni kweli kwamba amani yoyote ilikuwa afadhali kuliko ligi mbili. Lakini yatazame makubaliano hayo kwa jicho la mwanafasihi anayesoma matini: yalikuwa na tarehe ya kufa ilhali hayakuwa na warithi. Kila upande ulihesabu siku. Hata kabla ya siku hizo kwisha, ugomvi wa idadi ya timu ulizuka upya. Ligi ikapanuliwa kuwa ya timu 18 mwaka 2017, na mwaka huo huo SuperSport ikaondoka.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nivuke bahari kidogo, kwa kuwa ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nchini Marekani vyuo vikuu hucheza kandanda ya kwao (ambayo, kwa mshangao wa mjomba wangu, huchezwa zaidi kwa mikono), na vyuo hivyo hujipanga katika jumuiya kubwa zenye mikataba minono ya televisheni. Julai 2021 vyuo vya Texas na Oklahoma vilitangaza kuihama jumuiya yao na kujiunga na SEC, ambayo tayari ilikuwa na nguvu nyingi. Jumuiya tatu nyingine, Big Ten, ACC na Pac-12, zikaingiwa na hofu. Tarehe 24 Agosti 2021 zikatangaza muungano wa vyuo 41. Viongozi wao walipoulizwa mkataba uko wapi, walijibu kwamba hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, wanaaminiana. Miezi kumi baadaye, Juni 2022, Big Ten iliwachukua USC na UCLA kutoka kwa Pac-12, mshirika wake wa muungano ule ule. Kufikia Septemba 2023 vyuo 10 kati ya 12 vya Pac-12 vilikuwa vimetangaza kuondoka, vikabaki viwili tu. Na kituko kikuu ni hiki: Stanford na California, vyuo vilivyo ufuoni mwa Pasifiki, vilijiunga na ACC, jumuiya iliyopewa jina la pwani ya Atlantiki. Ni kama timu ya Lamu isajiliwe katika ligi ya vijiji vya Ziwa Viktoria kwa sababu televisheni imependa.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kusema kuhusu neno lenyewe. Magazeti yetu hutumia "muungano" kwa kila kitu, kuanzia vyama vya siasa hadi vilabu. Lakini muungano, kwa maana aliyoizoea Mswahili tangu Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, una hati, una chombo cha pamoja, na una kitu ambacho washirika wamekitoa mikononi mwao na kukikabidhi kwa wote. Walichofanya Wamarekani wale mwaka 2021 ni mapatano ya mdomo. Walichofanya KPL na FKF mwaka 2015 ni suluhu, au tuseme kusitisha vita. Tofauti hizi si za kupendeza kamusi. Watu wanaoungana kwa sababu tu wanamwogopa wa tatu, au kwa sababu mwamuzi amewashika mashati, hawajatoa chochote cha kukilinda pamoja, na hofu ikishapungua kila mmoja hurejea kwenye hesabu zake.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Septemba 2020 ilipofika, FKF ilitwaa ligi na kuleta mkataba wa televisheni wa StarTimes. Vilabu vilivyosita kutia sahihi vilikiona cha mtema kuni. Mathare United ya Nairobi na Zoo ya Kericho, jirani zetu hapa Bonde la Ufa, zilisimamishwa mwanzoni mwa msimu. Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho na kuteua kamati ya kulisimamia kwa muda. FIFA ikafanya kama ilivyofanya 2004 na 2006: ikaifungia Kenya tarehe 24 Februari 2022, na adhabu hiyo haikuondolewa hadi Novemba. Tusker iliyotwaa ubingwa mwaka huo haikwenda kuiwakilisha nchi katika mashindano ya vilabu vya Afrika. Fikiria mchezaji wa umri wa miaka 29 ambaye hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kuonekana nje ya mipaka. Hakuwa ameketi katika kikao hata kimoja cha wale waliogombana. Nacho Afraha chenyewe kilifungwa kwa ukarabati, na Ulinzi wakalazimika kutafuta viwanja vingine vya kuchezea mechi za nyumbani, kikiwamo cha Lang'ata, Nairobi. Ukarabati ni jambo jema, sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba mji unaweza kupoteza timu yake polepole bila mtu yeyote kuamua kwamba ipotee.

Basi fahali walikuwa wakipigania nini? Walipigania sisi. Haki za matangazo zina thamani kwa sababu kuna watu watakaotazama. Mdhamini hanunui mpira; ananunua macho ya mjomba wangu. Hata hivyo, katika kampuni ya vilabu, katika shirikisho, katika kamati ya waziri, na katika uchaguzi wa Desemba 2024 uliomweka Hussein Mohamed uongozini, mtazamaji hakuwa na kiti wala kura. Wajumbe walipiga kura kwa niaba ya vilabu na matawi. Wapo watakaosema kwamba shabiki hana uwezo wa kuelewa masuala ya mikataba. Hoja hiyo naikataa. Shabiki huyo huyo anaweza kukueleza kanuni ya kuotea kwa Kiswahili kisicho na doa, pamoja na isipokuwa zake zote, jambo ambalo baadhi yetu wenye shahada tutalishindwa.

Kinachomfungia nje ni lugha. Kiswahili cha uwanjani ni tajiri mno: gozi, mkwaju, mlinda lango, kipute, mtanange. Lakini mpira ukitoka nje ya mstari na kuingia ofisini, unabadilisha lugha. Mapatano ya 2015 yalijadiliwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo barua zilizorushwa kati ya Nairobi na Zurich. Si kwamba istilahi zimekosekana. Tunayo mwanahisa, mgao, haki za matangazo, rufaa, uwakilishi, kifungu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya kazi hiyo, na katika jambo hili lawama naianzia kwetu. Tumeandika tasnifu ngapi kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya fulani, na ngapi kuhusu namna katiba ya shirikisho inavyoweza kusomeka na kijana wa Kaptembwo au Rhonda?

Ninapendekeza hivi kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu: darasa la tafsiri la mwaka wa nne lichukue katiba ya FKF na kanuni za ligi ziwe zoezi la muhula mzima, kila kundi na sura yake, na wahadhiri watukosoe kwa wino mwekundu kama ilivyo ada. Kisha nakala ibandikwe mahali ambapo watu husimama siku ya mechi. Nimemweleza mjomba wangu mpango huu. Ameahidi kuisoma yote, mradi herufi ziwe kubwa na ile sehemu ya fedha itangulie.