Mtoto Hageuki Akiitwa: Kisomo Peke Yake Hakitoshi

Tumeletewa suala na ndugu yetu wa Unguja anayefanya biashara Bulyaga, mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Mwanawe ana miezi 16. Hageuki akiitwa jina, haoneshi kitu kwa kidole, na maneno mawili aliyokuwa nayo yamepotea. Majirani wanasema amechanganywa na lugha mbili, Kiswahili cha ndani na Kinyakyusa cha nje. Bibi yake huku Unguja anasema ni jicho. Miezi minne sasa anasomewa. Baba anauliza: aendelee na kisomo au ampeleke hospitali?

Suala la usonji si geni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na hali hii. Basi imo majumbani mwetu, ila tunaificha.

Tuanze na lugha. Lugha mbili hazileti usonji. Tena mtoto huzungumza kabla ya maneno: hutazama usoni, hucheka akichekewa, hupunga mkono, huonesha kwa kidole ili nawe ukione anachokiona. Hayo hayana Kiswahili wala Kinyakyusa. Akitimiza mwaka bila ya hayo, au alikuwa nayo yakapotea, apelekwe kwa daktari. Si hukumu kuwa ana usonji; huenda hasikii vizuri, ndiyo maana masikio hupimwa mapema.

Ama jicho, Mtume (s.a.w.) amethibitisha kuwa ni kweli, na ruqya ni katika Sunna. Lakini ni yeye aliyewaamrisha watu wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik katika Abu Daud na Tirmidhi. Hakuna aliyeambiwa achague moja. Kinachotuudhi ni wale wanaomzuia mama asende hospitali mpaka kombe limalizike, na kila wiki wanalipwa. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ubongo wa mtoto hujifunza kwa wepesi. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayeahidi hivyo, awe na koti jeupe au kanzu, anadanganya. Mafunzo ya mawasiliano yakianza mapema humsaidia mtoto aelewe na aeleweke.

Tumemjibu ndugu yetu aende wiki hii hospitali ya wilaya hapo Tukuyu, aombe masikio yapimwe, na ikibidi apewe barua ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Amrikodi mtoto kwa simu akiwa anacheza, daktari aone. Kisomo amsomee mwenyewe usiku, bila ya kumlipa mtu.