Kabla hujanunua stata, pima kwanza

Leo nyanya naiacha kidogo, nizungumzie gari linaloibeba. Najua kuna watakaosema afisa ugani na stata za magari wapi na wapi. Lakini nyanya ikishapangwa kwenye matenga, gari lisipowaka alfajiri, hasara inamrudia mkulima yuleyule niliyemshauri apande.

Msimamo wangu ni kwamba tunabadilisha stata za pikapu zetu za dizeli kabla hazijafa, kwa sababu tu hakuna aliyepima. Na mimi ni mmoja wa waliokosea.

Mwaka juzi, mwezi wa 7, kikundi kimoja ninachokihudumia huku Ilula kilikuwa na Hilux kuukuu yenye injini ya 3L. Baridi ya Iringa mwezi huo mnaijua. Ukizungusha ufunguo unasikia "ta!" moja, kisha kimya. Fundi wa jirani akasema stata imekufa. Mwenyekiti akanipigia: "Mtaalamu, tununue?" Nikajibu nunueni, msikose soko. Wakachukua hela waliyoitenga kwa mbolea ya kukuzia, wakanunua stata ya mtumba. Gari likawaka kama wiki tatu, kisha "ta!" ileile ikarudi.

Safari hii alikuja fundi umeme mwenye mita. Hakugusa stata kwanza. Alipima betri, akafuata waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, akauchana ganda. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Ile stata ya zamani tulipoifungua, kaboni zake zilikuwa bado ndefu. Kilichokuwa kimelika ni vile vipande viwili vidogo vya shaba ndani ya solenoidi, vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota. Hivyo hubadilishwa peke yake, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na stata nzima.

Kwa nini waya tu uzuie gari? Injini ya petroli hushindilia hewa kama mara 10 hivi, lakini dizeli kama 3L ni karibu mara 22. Kuizungusha kunahitaji nguvu nyingi, na stata huvuta umeme wa mamia ya ampea kwa mkupuo. Umeme mwingi kiasi hicho ukikuta kutu au nati iliyolegea, volti zinapotelea hapo hapo. Taa na redio zitakuwa sawa, nawe utaapa betri ni nzima.

Jaribio la kwanza halina gharama. Washa taa kubwa, mwambie mwenzako azungushe ufunguo, wewe tazama taa. Zikififia karibu kuzimika, shuku betri, vichwa vyake na nyaya. Zikibaki na mwanga uleule huku ukisikia mlio mmoja, shuku shaba za solenoidi au kaboni. Mlio wa haraka haraka, "tatatata", mara nyingi ni betri dhaifu. Stata ikizunguka yenyewe bila kushika injini, au ikikwaruza kama msumeno, tatizo ni gia yake au meno ya flaiwili. Hapo ni lazima ishushwe.

Mwenye mita aendelee. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, ikiwa chini ya 12.2, ichajiwe kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9.6. Kisha weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako awashe. Ikizidi nusu volti, waya huo ni mbovu. Ndicho kipimo ambacho sisi tulikiruka.

Stata nyingine tunaziua wenyewe. Mtu anashikilia ufunguo nusu dakika mfululizo, wakati sekunde 10 zinatosha, kisha unaiacha ipoe kama dakika moja. Wengine hawasubiri taa ya plagi za kupasha joto izime, au plagi zenyewe zilishakufa na kila asubuhi stata inabeba mzigo usio wake. Vichwa vya betri visafishwe kwa maji ya moto, vikauke, vikazwe, ndipo vipakwe grisi.

Na hii tabia ya kuegesha gari mlimani ili kesho liserereke, mimi naipinga kabisa. Injini ikiwa imezima, breki inakuwa ngumu na usukani mzito, na watoto ndio wanaosukuma kutoka nyuma.

Ikibidi kubadilisha kweli, toa kwanza waya wa hasi kwenye betri, maana ule waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Stata ya zamani usimwachie muuzaji. Ziweke mbili mezani, linganisha volti (12 au 24), idadi ya meno ya gia, upande inaozungukia na matundu ya boliti. Muuzaji akiizungusha kwa betri pale dukani usishawishike sana. Bila mzigo, hata iliyochoka hucheza.

Kikundi kilifunga waya mpya na gari linawaka hadi leo. Mbolea ya kukuzia ilichelewa zaidi ya wiki mbili msimu ule, na nilipopita shambani majani ya chini yalishaanza umanjano. Hakuna aliyeninung'unikia. Stata ya ziada ipo stoo, imeviringishwa kwenye gunia, na mwenyekiti bado ananiuliza kama aiuze. Nimemwambia safari hii waamue wao.