Mihrabu ya Msuka haiuziki



Neno memorabilia, ambalo Waingereza walilichukua kutoka Kilatini, kwa asili lina maana ya mambo yanayostahili kukumbukwa, na ndilo jina ambalo kwalo kinajulikana hadi leo kitabu cha Xenophon, Mgiriki wa kale, kinachomhusu mwalimu wake Socrates. Siku hizi limebanwa hadi likawa jina la bidhaa, yaani jezi zilizotiwa saini, medali na tiketi kuukuu zinazopigwa mnada.

Maana hiyo finyu haiifai Pemba. Katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ndani ya mihrabu, yaani kile kibla cha ukutani anamosimama imamu, pamekwaruzwa tarakimu za mwaka 816 wa Hijria, sawa na takriban 1414 Miladia. Tarakimu hizo hazina madaha ya maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria. Ni mikwaruzo tu, ama ya mjenzi ama ya muumini aliyepita, na pengine ndiyo maana zinagusa zaidi. Sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, mwaka 1984 zinaweza kuwekwa kabatini zikasomeka vilevile, lakini tarehe ya Msuka ikibanduliwa ukutani haitakuwa tena tarehe ya kitu chochote. Kwa hiyo wahusika wa mambo ya kale wanaombwa kuukinga ukuta huo na mvua, mizizi na majina ya wageni kabla ya kufikiria vijizawadi vya watalii.

Msomaji,
Msuka, Pemba