Helmeti ya Kutundika Kwa Kioo Haitakuokoa, Msee wa Kishushe

Hebu hesabu nduthi umepanda wiki hii. Sasa hesabu mara ngapi ulipewa helmeti. Sufuri, si ndio?

Sheria iko. Kanuni za pikipiki za 2015 zinataka rider avae helmeti na riflekta, ampatie abiria zake, na abebe mtu mmoja tu. Lakini karao hawezi kuwa kila kona. Machi 2022, baada ya dereva mwanamke kushambuliwa na watu wa boda Nairobi, serikali ilianzisha msako mkali nchi nzima. Ulidumu? Wapi!

Sasa fikiria Kishushe. Ukianguka Voi mjini, Hospitali ya Moi iko hapo tu. Ukianguka Kishushe, ni kupanda milima hadi Wesu ama kushuka mpaka huko Voi, na pengine kinachokubeba ni nduthi ingine. Kichwa kikipasuka, huo muda huna. Tafiti zinaonyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40. Kwa mtu aliye mbali na hosi, hiyo ni kubwa sana.

Kwa hivyo tusingoje karao. Stage zina wenyeviti na sheria zao za foleni. Waongeze moja: huna helmeti mbili, hubebi mtu. Na wewe abiria, mwenye doo ndiye mwenye sauti. Uliza helmeti kabla ya kuuliza bei. Inanuka jasho? Funga leso kwanza, kisha uvae.

Leo jioni utauliza, ama utapanda tu?